Wiki 12 kwa fizio (mtaalamu wa tiba ya mazoezi) kwa ajili ya gofu, uzoefu wangu

Wadau wa gofu habari zenu. Niliahidi watu kadhaa pale uwanja wa gofu wa Lugalo kwamba nitaandika hii kitu kwa kirefu, maana kila nikifika tiiboksi (pale pa kupigia mpira wa kwanza wa kila shimo) naulizwa mgongo umeufanyaje, na kuelezea ukiwa umeshika draiva (fimbo ya kupigia mbali) huku kundi la nyuma linasubiri haiwezekani.

Mimi nina miaka 47, napiga mkono wa kulia, nilianza gofu 2016 na handikapu yangu (kipimo cha uwezo, ikishuka ndo bora) mwaka jana ilikuwa 21. Kazi yangu ni kliaringi (kutoa mizigo bandarini), ofisi iko Kurasini na nyumbani ni Tegeta, kwa hiyo anayeijua foleni ya Dar anaelewa nazungumzia nini, asubuhi saa moja na nusu kwenye gari, mchana mzima kwenye kiti, jioni tena kwenye gari, na siku za kucheza nilikuwa naingia Lugalo njiani narudi, nashuka kwenye gari, nabadilisha viatu, napiga draiva kwa nguvu zote. Hiyo ilikuwa ratiba yangu kwa miaka.

Mgongo ulianza taratibu. Mwanzo nikimaliza mashimo 18 nasikia kiunoni upande wa kulia kumekaza, kesho yake kumeachia. Baadaye ikawa shimo la 12 tu nimeshashika kiuno, mpira ukiingia shimoni kedi (mbeba begi la fimbo) ndo ananiokotea. Halafu kiwiko cha kushoto nacho kikaja juu yake, upande wa nje, kunyanyua kikombe cha chai asubuhi tabu, kukamua nguo tabu.

Nilichofanya ni kile wengi wetu tunafanya. Vidonge vya diklofenaki kabla ya kucheza na baada ya kucheza mpaka tumbo likaanza kuwaka. Mama watoto akanikanda na maji ya moto. Nikaenda kuchuliwa, nafuu ya siku 2. Hospitali moja hapa mjini wakanipiga eksirei, wakasema hakuna tatizo kubwa, nikapewa vidonge vingine na kuambiwa niache gofu kwa muda, ila hakuna aliyenigusa wala kuniambia simama, inama, geuka. Kiwiko nikachomwa sindano ya steroidi. Wiki ya kwanza nilijiona mpya kabisa, nikacheza raundi 3 ndani ya siku 8, na kwenye wiki ya 6 hivi maumivu yakarudi makali kuliko mwanzo. Baadaye sana ndo nikaeleweshwa kwamba ile sindano inatuliza maumivu haraka lakini kano yenyewe haijawa imara, na ukiikamua kipindi ambacho huisikii unazidi kuiumiza. Iliniuma sana kwamba siku ile nachomwa hakuna aliyenieleza hilo, ningejua nisingegusa fimbo.

Aliyenifumbua macho ni kedi wangu. Jamaa amenibebea begi miaka 6, anaijua swingi yangu (ninavyozungusha fimbo) kuliko mimi mwenyewe. Siku moja shimo la 4 akaniambia, bosi siku hizi hugeuki, mabega yamesimama, unavuta na mikono halafu kiuno ndo kinamalizia. Nikamjibu ni uzee. Akasema hapana, kuna wazee hapa wana miaka 65 wanageuka vizuri.

Ndo nikatafuta fizio anayeelewa wanamichezo, nikapata kliniki ndogo Mikocheni, nyumba ya kawaida iliyogeuzwa. Jina siliweki maana wenyewe hawajaniomba niwatangaze. Dokta ni binti kijana, akanisalimia shikamoo baba, nikaitikia, na kusema ukweli moyoni nikawa na wasiwasi. Wasiwasi uliisha ndani ya dakika 20. Kwanza aliniambia kwa simu nije na ayani 7 (fimbo ya chuma ya umbali wa kati) na viatu vya gofu. Akanirekodi nikiswingi, kwa mbele na kwa nyuma. Akaniambia nichuchumae nimeshika fimbo juu ya kichwa, nikashindwa. Niguse vidole vya miguu, nikaishia chini kidogo ya magoti. Nisimame mguu mmoja, nikae kwenye stuli fimbo ikiwa mabegani nigeuke kulia na kushoto. Mwisho akanilaza kifudifudi, magoti yamekunjwa, akapima na kile kipimo cha pembe nyonga zangu zinazunguka ndani kiasi gani. Ya kulia digrii 31, ya kushoto 17. Akasema mtu mzima tunategemea 35 na kuendelea.

Sasa hapa naomba nieleze vizuri kwa sababu ndo kiini cha yote. Ukiwa mpiga mkono wa kulia, fimbo ikishuka uzito unahamia mguu wa kushoto na mwili mzima unazunguka juu ya nyonga ya kushoto. Nyonga ikigoma, ule mzunguko haupotei, unatafuta pa kwenda, na unaishia kwenye pingili za chini za mgongo. Zile pingili 5 kazi yake kubwa ni kuinama na kunyooka, kuzunguka kila moja inaweza digrii moja au mbili hivi. Mgongo wa juu, hapa nyuma ya kifua, ndo wenye mzunguko mkubwa, na wa kwangu ulikuwa umekauka kwa kukunjamana kwenye usukani. Yaani kiuno changu kilikuwa kinafanya kazi ya nyonga na ya mgongo wa juu, kinaumia kwa ajili ya wenzake. Ndo maana kukichua kulikuwa hakusaidii.

Kuna mzee mmoja klabuni alishanitisha kwamba nitaishia kwenye kisu kama Tiger Woods, yule bingwa wa gofu wa Marekani. Nikamuuliza dokta. Akasema Tiger alipasuliwa mgongo mara kadhaa kabla ya ile ya 2017 ya kuunganisha pingili, na kweli akarudi akashinda Masters, mashindano makubwa ya gofu, 2019, lakini mimi sipo huko. Akaniuliza kama nina ganzi mguuni, mguu kuishiwa nguvu, au mkojo kunitoka bila kujijua. Sina. Akasema nikiona chochote katika hivyo nisimsubiri yeye, niende hospitali siku hiyo hiyo.

Wiki 3 za kwanza nilikatazwa swingi kamili, nikaruhusiwa patingi (kusukuma mpira shimoni) na chipingi (vipigo vifupi) tu. Iliniumiza roho kuliko mgongo. Nyumbani mazoezi dakika 15 asubuhi na jioni: kukaa chini miguu imekunjwa yote upande mmoja halafu kuhamisha upande wa pili, kulala ubavu na kufungua mkono wa juu kama unafungua kitabu, kunyanyua makalio ukiwa chali, kujishikilia kwa kiwiko ukiwa ubavu (hicho kiwiko kibovu tuliruka kwanza). Mke wangu alishangaa kunikuta sebuleni saa 11 alfajiri.

Kiwiko kilikuwa na stori yake. Akaniambia hiki wanakiita kiwiko cha tenisi, na wacheza gofu wengi wanakipata hasa mkono wa mbele, yaani wa kushoto kwa mpiga mkono wa kulia. Tulianza na kukaza tu bila kusogeza, sekunde 45 mara 5. Halafu nikahamia kwenye kushusha uzito polepole: mkono juu ya meza, kiganja kinaangalia chini, nanyanyua kifundo cha mkono kwa msaada wa mkono mwingine halafu nakishusha chenyewe kwa sekunde 4, mara 15, mizunguko 3. Dambeli sikuwa nayo, nilitumia chupa ya maji ya lita moja na nusu ambayo ni kama kilo moja na nusu. Alinionya kwamba kano ni kitu cha polepole, nihesabu miezi. Na kweli wiki ya 5 nilikuwa sijaona kitu, nikataka kuacha, wiki ya 8 nikanyanyua sufuria la wali bila kufikiria, ndo nikashtuka kwamba haiumi.

Kuanzia wiki ya 5 tukaingia kwenye nguvu. Kuchuchumaa na uzito, kunyanyua ketobeli (chuma kizito chenye mkono) kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka, kusimama mguu mmoja, na mwisho kurusha mpira mzito wa kilo 4 ukutani kwa ubavu, kulia na kushoto. Huo mpira ndo naupenda kuliko vyote, unafundisha nguvu itoke miguuni, ipite nyonga, ndo ije kwenye mikono. Akanifundisha pia kuokota mpira shimoni: unashika pata (fimbo ya patingi) kama mkongojo, mguu mmoja unanyanyuka nyuma, mgongo haukunjiki. Na kabla ya kucheza, dakika 8 za kupasha mwili kwenye maegesho. Sasa hivi sipigi shoti ya kwanza bila hizo dakika 8 hata kama wenzangu wananiita.

Matokeo wiki ya 12: nyonga ya kushoto digrii 29. Nacheza mashimo 18 na kesho yake naamka vizuri, bado nasikia kukaza nikikaa sana kwenye foleni. Mpira wa ayani 7 unaenda mbali zaidi kama yadi 10 (mita 9 hivi), sikuitafuta, imekuja yenyewe kwa kugeuka. Handikapu imeshuka hadi 19, na nadhani itaendelea maana mashimo 5 ya mwisho nilikuwa nayapoteza kwa maumivu.

Yasiyonipendeza: kikao kimoja shilingi 45,000, nimefanya vikao 16, jumla 720,000 na bima yangu haikulipa hata senti. Kwa hela hiyo ningepata draiva nzuri ya mtumba, ila draiva nimeshabadilisha mara 3 na hakuna iliyoniongezea yadi 10. Miadi inachelewa, ukipangiwa saa 10 unaingia saa 11 kasoro. Chumba ni kidogo, mpira tulikuwa tunarushia ukuta wa nje jua likiwaka. Na mpango haukuandikwa popote, video zinakuja WhatsApp zimechanganyika, ilibidi mwanangu anipangie.

Kitu kingine kinachonikaa moyoni ni makedi wetu. Begi kilo 12, 15, bega lile lile, mashimo 18, siku nyingine raundi 2, na sisi tunaongelea migongo yetu. Wiki mbili zilizopita nilimchukua kedi wangu nikampeleka kwa dokta, bega la kulia lilikuwa halinyanyuki kupita usawa wa sikio na hajawahi kuniambia. Amepewa mpira wa kuvuta, anaufunga kwenye mti karibu na maegesho kabla ya raundi, na Jumamosi nilikuta makedi wengine wanne wamesimama pale wanasubiri zamu.