Vitabu vipo, vimefungiwa kabatini

Nikisimulia shule ya binti yangu, sitaki kuanza na wastani wake wa mitihani. Matokeo ya darasa la nne na la saba Baraza la Mitihani (NECTA) wanayaweka hadharani, mwenye haja akayaangalie. Mimi nina hasira na kabati.

Binti yangu yuko darasa la nne, shule ndogo ya serikali huku pembezoni mwa Dodoma. Muhula uliopita kila siku anarudi kakosa hesabu za sehemu, kosa lilelile. Namuuliza, kwani kitabu kinasemaje? Ananiambia kitabu kimoja wanashika watoto saba, na ukurasa wenyewe wa sehemu umeshachanika.

Nikafunga safari hadi ofisini. Nimekaa kwenye benchi nasubiri, mwalimu mmoja akafungua kabati achukue chaki. Vitabu vya Hisabati darasa la nne, vimejaa, bado na kamba zake, vumbi limetanda juu! Nikauliza kwa adabu zote, mwalimu, mbona hawapewi? Mwalimu mkuu hata macho hakuinua. "Mzazi, hiyo ni mali ya serikali. Watoto wenu wana mikono michafu, watavichana."

Na binti yangu amesimama pale pale. Akatazama viganja vyake, kisha akavificha nyuma ya sketi.

Niliondoka bila kuaga. Bomba la shule halitoi maji, hiyo mikono wainawie wapi? Na katika ile ruzuku ya serikali kwa shule, shilingi 10,000 kwa kila mtoto kwa mwaka, 4,000 ni ya vitabu. Imetengwa watoto wasome, siyo kabati lipendeze! Siku ile niliapa namhamisha, nisisikie tena habari za shule hiyo.

Ila nitakuwa mwongo nikisema yote ni mbovu. Madamu wa darasa la kwanza, na watoto wake zaidi ya 90, aliwafundisha kuhesabu kwa visoda na kusoma kwa herufi alizokata mwenyewe kwenye maboksi. Mwaka ule haujaisha, binti yangu ananisomea maandishi ya mfuko wa unga, neno kwa neno, kidole kikifuata. Nililia siku ile. Kwa ajili ya yule mama, binti yangu simhamishi tena, na mdogo wake naye namwandikisha hapo hapo mwakani, hilo nimeshaamua.

Lakini mkutano wa wazazi ukiitwa nasimama. Nataka lile kabati lifunguliwe mbele yetu sote, na binti yangu akate kamba kwa mikono yake.