Kadi za kutulia na watoto: tumezitumia miezi 3, haya ndo niliyoyaona

Naandika hii kwa wazazi wenye watoto wadogo mnaojiuliza kama hizi kadi za mazoezi ya kutulia zina kazi yoyote. Mimi nilichukua boksi moja, kadi 30, kakengele kadogo na saa ya mchanga. Nina wawili, wa miaka 6 na wa miaka 3 na nusu.

Siku ya kwanza nilikosea vibaya. Mdogo kajitupa chini analia kisa kiatu, mi nikakimbilia boksi nikamtolea kadi ya kuhema, akaichukua akaitupa kule. Na alikuwa na haki yake, manake mtoto akishafika pale hasikii maelekezo ya mtu, ile sehemu ya mbele ya ubongo inayotusaidia kujizuia inakuja kukomaa mtu ana miaka 20 na kitu, sasa wa miaka 3 ataitoa wapi? Kumbe haya mazoezi mnayafanya mtoto akiwa ametulia, anayazoea kama mchezo, ndo siku hasira zikimpanda anakuwa na pa kushika. Hilo halijaandikwa popote kwenye boksi na ndo lilitakiwa liwe la kwanza kabisa.

Kadi tunayoipenda kuliko zote ni ya mwanasesere. Mtoto analala chali anamweka tumboni, anahema taratibu huku anamwangalia akipanda na kushuka. Usiku mmoja mdogo akaninong'oneza "mama usiongee, amelala", na yeye mwenyewe macho yashaanza kufumba! Kazi yote iko kwenye kutoa pumzi, ukiitoa pole pole kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta mapigo ya moyo yanapungua, kwa hiyo sisi tunajifanya tunapuliza mshumaa, moto uyumbe tu usizime.

Kengele nayo jamani. Unagonga mara moja, mnasikiliza, ukiona sauti imepotea kabisa unanyoosha mkono. Mkubwa kila siku ananyoosha wa mwisho, anasema bado anaisikia, nikadhani ananidanganya, hadi siku moja nikaweka simu mbali nikasikiliza kweli na ilikuwepo bado, nyembamba sana. Nilikuwa nanyoosha mkono mapema siku zote.

Sasa mabaya. Saa ya mchanga ni ya dakika 5, kwa mtoto wa miaka 3 hiyo ni adhabu, sisi dakika moja inatutosha. Kadi ni laini mno, zilizoingia bafuni zimeshakufa. Alafu boksi linaahidi mtoto ataacha hasira na atafanya vizuri shuleni, hapo wamezidisha kabisa. Uingereza walijaribu mafunzo ya namna hii mashuleni kwa watoto zaidi ya 8,000 wa miaka 11 hadi 14, matokeo yakatoka 2022, na hayakuonekana kushinda yale ya kawaida waliyokuwa wanafundishwa. Wale ni wakubwa kuliko wa kwangu, sawa, ila muuzaji asituahidi asichokijua.

Siku hizi boksi hatulifungui sana. Tukinawa mikono tunasikilizia maji kwanza, ya baridi au ya vuguvugu, yanapita wapi kwenye vidole, na mi nafanya nao, nikiwasimamia tu hawafanyi.

Boksi zima nalipa nyota 3 kati ya 5. Kengele peke yake ningeipa 5, ukiipata inauzwa yenyewe chukua hiyo.