Fundi wa giaboksi Gerezani, Dar: mkono mzuri, risiti hana

Gari yetu ni mtumba wa Japani, siti saba, foo-wili ya muda wote, na giaboksi yake ni ile ya mkanda, CVT. Kupanda Kimara ilikuwa inanguruma tu, mshale wa mizunguko juu, mwendo hakuna. Ukikata kona kali kuingia getini, inashtuka. Gereji ya kwanza ilitaka tununue giaboksi nzima.

Huyu wa Gerezani hakushika spana. "Mama, kata usukani wote, nenda polepole." Akachuchumaa akitazama tairi, kisha akatoa tepe akazipima mzunguko. Za nyuma mpya, za mbele vipara! Foo-wili ya namna hii tairi zikipishana ukubwa, mfumo unaogawa nguvu mbele na nyuma haupumziki hata kwenye lami kavu. Unachemka na kujisaga. Akamwaga oili ya giaboksi: nyeusi, inanuka kuungua, sumaku ya sampo, ile trei ya oili chini, imejaa unga wa chuma. Kumbe kuna mtu aliweka haidroliki ya kawaida badala ya oili ya CVT.

Akasafisha, akaweka filta na oili yake, oili ya difu ya nyuma, nasi tukanunua tairi nne za aina moja. Mshtuko umeisha. Mlimani bado inasita ikipata joto, na mwenyewe alishanionya kuwa mkanda umelika.

Bei ni ya kibinadamu. Ila risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sahau, na pa kukaa ni ndoo iliyogeuzwa, juani. Wahi kabla ya saa tatu asubuhi.