Uzoefu wangu: Remington 700 ya mkono wa pili, na jinsi nilivyoujua umri wake

Nimewinda na Remington 700 hii misimu kadhaa sasa, na nikifungua kabati la bunduki ndiyo ninayoishika kwanza. Wengi wanaoiandikia tathmini huzungumzia iliyotoka dukani ikiwa mpya. Yangu ilikuwa imeshapita mikononi mwa watu: haina boksi, haina kitabu, na muuzaji alikuwa na maneno mawili tu, "ya 1990". Kwa hiyo kabla ya kusema inapigaje, nieleze nilivyoitambua, maana bunduki ya zamani usiyoijua vizuri haifai kutiwa risasi.

Ukiishika bunduki kama hii, toa bolti kwanza, yaani chuma cha kuvuta kinachofunga mtutu kwa nyuma, uangalie chemba (mahali risasi inapokaa kabla ya kupigwa) na magazini kwa macho na kwa kidole. Baada ya hapo ndipo usome.

Jina la modeli halisumbui, limeandikwa ubavuni mwa resiva, yaani bomba la chuma ambamo bolti hutembea. Kinachobaki ni daraja. Yangu ina sahani ya chini inayofunguka kwa bawaba na kumwaga risasi zote mkononi, na ncha ya mbao ya mbele ni nyeusi yenye mstari mweupe. Hizo ni alama za BDL, daraja la juu. ADL, daraja la kawaida, haina sahani hiyo. Kuitoa risasi unalazimika kuzipitisha moja moja kwa bolti. Ila mbao hubadilishwa kirahisi, kwa hiyo mbao peke yake haithibitishi kitu.

Sasa umri. Upande wa kushoto wa mtutu, pale unapoingia kwenye resiva, Remington walikuwa wakigonga herufi ndogo sana. Niliifuta sehemu hiyo kwa kitambaa chenye mafuta, nikamulika tochi kwa ubavu ili vivuli vionekane, nikasoma PK. Herufi ya kwanza ni mwezi, na miezi 12 hufuata mpangilio wa BLACKPOWDERX: B ni Januari, L Februari, hadi X ambayo ni Desemba. P basi ni Juni. Herufi ya pili ni mwaka, na hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu herufi za miaka zilirudiwa. K ni 1963, na K hiyohiyo ni 1990. Muuzaji alikuwa ameuchukua mwaka wa karibu.

Nikageukia kaliba, yaani aina ya risasi inayotumia. Kaliba haikwambii bunduki ni ya lini, lakini inakwambia haiwezi kuwa ya kabla ya lini. Ya kwangu ni 7mm Remington Magnum, iliyotoka 1962, mwaka uleule modeli ya 700 ilipozaliwa. Miaka yote miwili ikapita. Kwa bunduki nyingine kipimo hiki humaliza ubishi mara moja: .308 Winchester ni ya 1952 na .243 Winchester ni ya 1955, kwa hiyo ukiambiwa .243 ni ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, ama mtutu umebadilishwa ama hadithi si ya kweli.

Kilichokata shauri ni swichi ya usalama. Niliirudisha nyuma nikajaribu kuinua mkono wa bolti, ukagoma. Remington 700 za zamani hufunga bolti swichi ikiwa kwenye usalama. Kuanzia 1982 kiwanda kiliuondoa mfumo huo. Ya 1990 isingegoma. Basi hii ni ya Juni 1963, na triga yake ilikuwa ileile ya zamani. Angalizo: kipimo hiki huenda upande mmoja tu. Bolti ikifunguka huku swichi iko kwenye usalama, usikimbilie kusema ni mpya, kwani nyingi za zamani zilifanyiwa marekebisho baadaye au zikawekwa triga nyingine.

Na hapa umri unaacha kuwa habari ya kujivunia tu. Bunduki ya namna hii, ili uitoe risasi iliyo chemba, lazima kwanza uondoe usalama. Ukiichukulia kama ya 1990 hutakuwa umejiandaa kwa jambo hilo, tena mara nyingi hufanyika mwisho wa siku, umechoka, wenzako wamekuzunguka. Umri una uzito kwa bunduki za karibuni pia: mwaka 2014 Remington waliziita kiwandani zile zenye triga ya X-Mark Pro zilizotengenezwa kuanzia Mei 2006 hadi Aprili 2014, kwa sababu zingeweza kufyatuka zenyewe.

Niliipeleka kwa fundi wa silaha. Alipima chemba kwa geji, vipande vya chuma vya kupimia kina chake, bolti ikafunga kwenye geji ya kuruhusu na kukataa kwenye ya kuzuia, jambo lililonipa amani kuliko herufi zote. Kisha akaniwekea triga mpya. Ile ya zamani naihifadhi kwenye bahasha pamoja na maelezo, ili atakayeimiliki baada yangu asipotee.

Kwa kazi yenyewe, naisifu bila kusita. Mtutu bado una michirizi mikali, na nikipiga kutoka mezani matundu hukaa karibu karibu. Uso wa bolti umechimbwa ukazunguka tako la risasi, na ukuta wa chemba na resiva unauzunguka tena. Huo uimara unausikia ukifunga. Kasoro ninayoiona ni kinasio cha kutolea maganda. Ni kibanzi chembamba ndani ya uso wa bolti, si kucha ndefu kama ya Mauser 98, na uchafu ukijaa hapo lazima usafishe. Wanaofuata wanyama hatari watapenda kucha, na nawaelewa. Teke lake pia ni la magnum, si bunduki ya kumfundishia mtu mara ya kwanza.

Kama yako ni ya kiwanda kingine, alama ni nyingine. Winchester Model 70 yenye namba kuanzia 700,000 ni ya 1964 au baadaye, baada ya kucha ya Mauser kuondolewa. Za Kijerumani huwa na muhuri wa majaribio wenye herufi mbili za mwaka, A ikiwa 0 na H ikiwa 7, hivyo HA ni 1970. Soma zaidi ya alama moja, kwa sababu mtutu huelezea umri wa mtutu. Zikigongana, mpe fundi aitazame kabla hujalipa.