Magazeti ya Kale ya Marekani Mtandaoni: Hazina ya Bure Yenye Masharti Yake

Kwa mtu anayetafiti historia na jamii ya Marekani bila fedha za kulipia hifadhi za kibiashara, pa kuanzia ni tovuti ya Maktaba ya Bunge la nchi hiyo, hasa mkusanyo wa magazeti uitwao Chronicling America, ambao ulifunguliwa mwaka 2007 na sasa una kurasa zaidi ya milioni 20, za tangu karne ya 18 hadi mwaka 1963. Hakuna ada wala kujisajili. Kila ukurasa huonekana mzima, pamoja na matangazo ya biashara ambayo, kwa maoni yangu, mara nyingi hufichua mengi kuhusu jamii kuliko tahariri.

Kazi iko katika kutafuta. Maandishi yalisomwa na mashine kutoka kwenye picha za kurasa, nayo hukosea pale wino ulipofifia au safu zilipobanana. Katika magazeti ya karne ya 18, ambamo herufi s ndefu hufanana na f, neno "Congress" huweza kusomwa "Congrefs" na hivyo kumponyoka mtafutaji. Kikwazo kikubwa zaidi, hata hivyo, ni msamiati. Anayechunguza maisha ya Wamarekani weusi katika miaka ya 1890 kwa kuandika "African American" ataambulia machache, kwa sababu magazeti ya wakati ule yaliandika "colored" au "Negro", na ni wachache mno walioviita vita vya 1914 Vita vya Kwanza vya Dunia kabla ya vya pili kujulikana. Ni lazima kwanza kusoma kurasa kadhaa bila kutafuta chochote, ili sikio lizoee lugha ya zama hizo.

Mwenye subira hiyo hupata mengi. Richmond Planet, gazeti la Wamarekani weusi wa Virginia lililohaririwa kwa miongo mingi na John Mitchell Jr., lilipinga waziwazi mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi ya raia, na kulisoma sambamba na magazeti ya wazungu ya miaka hiyohiyo ni somo tosha kuhusu namna habari inavyotengenezwa.

Tovuti ya Maktaba ya Bunge ina pia simulizi zaidi ya 2,300 za watu waliowahi kuwa watumwa, zilizokusanywa kati ya 1936 na 1938. Ni za thamani kubwa, lakini hazifai kunukuliwa kwa pupa: wasimulizi wengi walikuwa watoto wakati utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, na wengi wa waliowahoji walikuwa wazungu, katika majimbo ambamo mtu mweusi alilazimika kupima kila neno.

Fomu za sensa hutunzwa na Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani, ambayo huzifungua baada ya miaka 72. Za 1950 zilifunguliwa mwaka 2022. Za 1890 karibu zote ziliangamia kufuatia moto wa 1921, na hapo ndipo magazeti ya miji midogo huokoa jahazi. Magazeti makubwa kama New York Times hupatikana kupitia ProQuest, hifadhi ya kibiashara ya mtandaoni, kwa malipo, ingawa vyuo vikuu vingi huwalipia wanafunzi wao. Anayekwama anaweza kumwandikia mkutubi wa Maktaba ya Bunge bila gharama, na ni vyema swali lake litaje mahali, miaka na jina la anachokitafuta.