Gari linalala wiki nzima bila kuwashwa: CTEK MXS 5.0, sola ndogo au swichi ya kukata umeme?

Habari zenu watazamaji, karibuni sana. Hapa mezani nina vitu vinne, na vyote vinauzwa kwa ahadi moja: gari lako likikaa wiki kadhaa bila kuguswa, siku ukilihitaji litawaka. Hii ya kwanza ni chaja ya CTEK, ile MXS 5.0. Hiki ni kipaneli cha sola cha kuweka nyuma ya kioo cha mbele. Hii ni swichi ya kukata umeme kwenye betri. Na hii nene ni pawabenki ya kubustia gari. Hii ya mwisho naitoa mapema kwenye mashindano: ni nzuri kuwa nayo, ila kazi yake ni kukuokoa betri ikishakufa. Haiizuii kufa.

Kabla sijachomeka chochote, tuelewane kwanza kinachomaliza betri, maana hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Wengi wanaamini betri inamalizwa na kuwasha. Hebu tupige hesabu. Stata ivute ampea 200 kwa sekunde 3. Ukizigeuza kuwa ampea-saa, yaani kipimo cha kiasi cha umeme kinachotoka au kuhifadhiwa kwenye betri, hazifiki hata 0.2. Sasa geukia gari lililozimwa na kufungwa. Alamu iko macho. Kipokezi cha rimoti kinasubiri ubonyeze. Kompyuta inatunza kumbukumbu, saa inatembea. Gari la kisasa ambalo halina ugonjwa wowote huvuta kama miliampea 20 hadi 50 likiwa limelala. Chukua hiyo 50: kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2, na kwa siku 30 ni ampea-saa 36. Betri ya ampea-saa 60 imebaki na 24, na hapo bado sijahesabu chaji ambayo betri huipoteza yenyewe hata ikiwa rafuni, nayo huongezeka sana kukiwa na joto. Ukiwa umefunga kifaa cha kufuatilia gari, au kamera inayorekodi hata gari likiwa limeegeshwa, basi muda huo unafupika zaidi.

Kwa hiyo betri humalizwa na gari kusimama. Ndiyo maana ile desturi ya kwenda kuliwasha asubuhi, likaunguruma dakika kumi palepale lilipo, kisha ukalizima, mimi siiungi mkono kabisa. Injini ikiwa inazunguka taratibu, dinamo inatoa umeme kidogo, na sehemu ya huo kidogo inaliwa na pampu ya mafuta, feni na taa. Kinachofika kwenye betri hakifidii siku zilizopita. Juu ya hayo, injini haijapata joto la kutosha, kwa hiyo unyevu unabaki kwenye oili na kwenye ekzosi. Kama unaweza kulitoa barabarani ukaliendesha nusu saa au zaidi kwa mwendo wa maana, hapo sawa, umelisaidia.

Sasa sogeeni karibu na hii multimita, kifaa cha kupimia umeme. Gari hili lilizimwa tangu jana, na hilo ni muhimu, kwa sababu ukipima mara tu baada ya kuzima injini utapata namba ya kukudanganya. Naweka waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Inasoma volti 12.3. Betri ya risasi na asidi iliyojaa husoma kama 12.6 au 12.7 ikiwa imetulia. Kwenye 12.4 imebaki robo tatu hivi, kwenye 12.2 ni nusu, na kwenye 12.0 ni robo tu. Kwa hiyo hii, japokuwa gari lingewaka sasa hivi bila shida, imeshapoteza zaidi ya robo ya chaji yake. Mwenye gari hajui, kwa sababu hakuna taa iliyowaka wala mlio uliobadilika.

Na betri iliyobaki nusu haikai salama ikingoja. Inapotoa chaji, salfeti ya risasi hujijenga juu ya pleti za ndani. Ukiichaji mapema, salfeti hiyo huyeyuka na kurudi kwenye asidi. Ukiiacha wiki na wiki, hugeuka fuwele ngumu ambazo chaji ya kawaida haizitoi, na sehemu hiyo ya pleti haifanyi kazi tena. Betri inapungua ukubwa ikiwa imekaa tu kwenye gari. Hili ndilo linaloniuma ninapoona betri ya mwaka mmoja ikitupwa: haikuzeeka, iliachwa na njaa.

Haya, CTEK. Ni kampuni ya Sweden, na chaja hii inatoa hadi ampea 5 kwa betri za volti 12. Inachaji betri za hadi ampea-saa 110, na kwa kutunza tu inafika hadi 160. Mbele ina taa zenye namba, 1 hadi 8, na hizo ndizo hatua zake. Mwanzoni hujaribu kuvunja ile salfeti kwa mapigo ya umeme, kisha inapima kama betri inapokea chaji, inasukuma kwa nguvu hadi karibu asilimia 80, halafu inapunguza mkono ili kujaza kilichobaki. Taa ya 4 ikiwaka, gari linaweza kuwashwa. Taa ya 7 ikiwaka, betri imejaa.

Kinachonifanya niisifu kiko hapo kwenye 7 na 8. Chaja za zamani zisizo na akili huendelea kusukuma tu, betri ikijaa zinachemsha maji ya ndani hadi pleti zinabaki wazi. Hii kwenye hatua ya 7 inashikilia volti 13.6 kwa hadi siku 10, kisha inaingia ya 8: inakaa kimya ikiitazama betri, ikishuka kidogo inaipa pigo la chaji, inanyamaza tena. Unaiacha hapo mwezi, miezi, na betri inabaki kati ya asilimia 95 na 100.

Boksini kuna waya mfupi wenye pete mbili. Unazifunga kwenye betri mara moja, kile kichomeo chake kinabaki kimejificha chini ya boneti, na siku zote baada ya hapo kazi yako ni kuchomeka tu. Usiudharau waya huu. Chaja inayohitaji kuhangaika na vibanio kila mara huishia kabatini, na chaja iliyoko kabatini haitunzi kitu.

Kasoro zake? Inataka soketi ya umeme karibu na unapoegesha, na hapo wengi tayari wametoka. Pia kitufe cha kuchagua aina ya betri lazima ukielewe. Alama ya pikipiki ni chaji ya pole ya ampea 0.8, alama ya gari ndiyo ya betri nyingi za kawaida. Ile ya kufufua betri, RECOND, inapandisha volti hadi 15.8. Hiyo ni ya betri za maji zilizochoka sana, na ukiitumia, betri iwe mahali penye hewa, kwa sababu inatoa gesi ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche. Sitaki kuona mtu anaibonyeza kwa udadisi. Na kama gari lako lina betri ya lithiamu, chaja hii si yake.

Jambo jingine kwa wenye magari mapya: angalia nguzo ya hasi ya betri. Ukiona kijikasha kidogo chenye waya mwembamba, hicho ni kihisi kinachohesabu umeme unaoingia na kutoka. Kibanio cheusi usikiweke juu ya nguzo ile. Kiweke kwenye chuma cha bodi, ili kihisi kione chaji inayoingia. Usipofanya hivyo, betri itajaa na kompyuta ya gari itaendelea kuamini iko nusu.

Tuje kwenye sola, maana najua wengi mnaegesha nje, mbali na soketi. Kipaneli hiki kimeandikwa wati 5. Jua likiwa kali na paneli ikiwa wazi, kinatoa kama ampea 0.3. Ila sasa kiko nyuma ya kioo, kimelazwa juu ya dashibodi, hakilitazami jua. Ukipata nusu ya hapo umepata. Kwa saa nne za jua zuri hiyo ni ampea-saa 0.6 kwa siku, yaani kinalipia gari linalovuta miliampea 25. Gari linalovuta 50 kitalichelewesha kufa, hakitaliokoa. Vile vidogo zaidi vya wati moja na nusu sivishauri kwa gari lolote la kisasa.

Tena kuna mtego: kinakuja na plagi ya soketi ya kiberiti. Magari mengi hukata umeme wa soketi hiyo ukitoa ufunguo. Taa ya paneli inawaka, wewe unaridhika, na hakuna hata tone linalofika kwenye betri. Jaribu hivi: zima gari, funga milango, subiri, kisha chomeka chaja ya simu uone kama inachaji. Isipochaji, unganisha paneli moja kwa moja kwenye betri kwa vibanio, na hakikisha ina dayodi ya kuzuia umeme usirudi kwenye paneli usiku. Ukichukua paneli kubwa ya kuweka nje, wati 10 na kuendelea, weka na kidhibiti chaji.

Swichi ya kukata umeme ndiyo rahisi kuliko vyote, na kwa gari la zamani lisilo na kompyuta nyingi ningeinunua bila kusita. Inafungwa kwenye upande wa hasi, unazungusha kitasa, gari zima linakufa ganzi. Betri inabaki na upotevu wake wa asili tu. Kwa gari jipya nina wasiwasi nayo. Alamu inazima, saa inarudi sifuri, baadhi ya redio zinadai namba ya siri, vioo vya umeme vinasahau vilipoishia. Na kama buti lako linafunguka kwa umeme tu na betri iko humo humo ndani, usikate umeme halafu ukalifunga buti. Soma kwanza kitabu cha gari uone njia ya dharura ya kulifungua iko wapi.

Wenye magari ya haibridi na ya umeme mnaniuliza kama haya yanawahusu. Yanawahusu. Ile betri kubwa haiamki mpaka betri ndogo ya volti 12 iiamshe, na hiyo ndogo inamalizwa vilevile. Tofauti ni mahali pa kuunganisha chaja, na kila gari lina pake palipoandikwa kwenye kitabu. Usibahatishe hapo.

Kabla hujanunua chochote kati ya hivi, fanya kipimo kimoja. Chaji betri hadi ijae kabisa, itoe kwenye chaja, iondoe waya wa hasi wa gari ili isivutwe na kitu, iache usiku kucha, pima asubuhi. Ikisoma 12.6, nunua chaja, utaitunza miaka. Ikiwa imeshuka chini ya 12.4 bila kutumiwa na chochote, mgonjwa ni betri yenyewe, na pesa uliyotaka kuweka kwenye chaja anza nayo huko. Na ikibaki imejaa ikiwa peke yake, lakini ikiisha ndani ya siku mbili tatu ukiirudisha kwenye gari, kuna kitu ndani ya gari kisicholala. Mpelekee fundi wa umeme mwenye multimita, mwambie apime umeme unaovutwa gari likiwa limezimwa. Asubiri hadi saa nzima ili kompyuta zote zilale, ndipo aanze kuchomoa fyuzi moja moja. Akichomoa fyuzi na namba ikaanguka ghafla, mhusika yuko kwenye mkondo huo.