Tulimlipa mtu aje "kupunga mikono" kwenye jubilei yetu hapa Kigoma, nampa nyota 4 kati ya 5

Habari zenu wadau, hii naandika kwa ajili ya zile kwaya zinazobishana kwenye kikao kama kuna haja ya kumlipa mtu aje kusimama mbele kuongoza uimbaji kwa mikono tu, maana na sisi tulibishana hivyo hivyo na mbishi namba moja nilikuwa mimi. Ni mhazini wa kwaya kwenye parokia moja hapa Kigoma mjini. Jina la mwalimu silitaji sababu sijamuomba ruhusa ila ni mtu wa Tabora na anazunguka sana kwenye jubilei na sherehe za upadrisho.

Huduma yenyewe iko hivi: siku tisa za mazoezi kila jioni pamoja na siku ya tukio, laki tatu na nusu, nauli juu yenu, kula na kulala juu yenu. Sisi tuliunganisha kwaya tatu tukafika waimbaji 64, mpiga kinanda mmoja na vijana tisa wa matarumbeta kutoka Ujiji.

Kwenye kikao nikasema jamani laki tatu na nusu kwa mtu ambaye haimbi, hapigi chombo, kazi yake kutupa mgongo waumini tu, hata kondakta wa daladala angalau anakusanya nauli! Watu wakacheka sana. Mama mwenyekiti hakucheka, akaniangalia akasema "baba, Pasaka umesahau?" Nikanyamaza.

Pasaka iliyopita tuliimba Aleluya Kuu, ile ya mtunzi Handel. Wanaoijua wanajua kule mwishoni aleluya zinakimbizana weee halafu ghafla kila kitu kinakata, kimya, ndo inakuja aleluya ya mwisho ya taratibu. Sasa kwenye kile kimya mzee wetu mmoja wa besi akaingia peke yake, "AAA" moja nzito kanisa zima likageuka. Hadi leo akipita sokoni Mwanga kuna vijana wanamwitikia. Basi kwa sababu hiyo tu nikasaini hela.

Siku ya kwanza kaanza vibaya, basi lake liliharibika njiani tukamsubiri masaa mawili na nusu bila hata sms, watu wana watoto nyumbani. Hapo nusu nyota imeondoka. Alivyofika nikadhani ataanza kupunga, wapi, akasema imbeni nawasikiliza, akakaa kwenye benchi la nyuma kabisa macho kafumba. Tulipomaliza akaomba karatasi yenye sauti zote. Tukaangaliana maana sisi kila sauti ina nakala yake, teno wana yao, alto wana yao, matarumbeta wameandikiwa kwenye daftari la shule. Akasema ndo ugonjwa wenu ulipoanzia. Kumbe hata kwenye okestra kubwa za Ulaya zenye watu 80 au 100 kila mpigaji mbele yake ana mistari yake tu, wa tarumbeta anahesabu mapigo ya kukaa kimya weee hajui vayolini wanafanya nini, anayeona mistari yote kwa pamoja ni yule mmoja aliyesimama mbele. Usiku ule akakaa na mpiga kinanda mpaka saa sita wakaandika upya, na kalamu nyekundu nani aingie wapi, nani apungue.

Jioni ya pili dakika arobaini nzima tulifanya kitu kimoja, KUPUMUA. Sitanii. Mkono ukipanda mnavuta pumzi wote, ukishuka sauti inatoka, na jinsi mkono ulivyopanda (pole pole, haraka, kwa nguvu) ndo unajua wimbo utakwendaje kabla hujaanza. Wazee walinuna kweli, mmoja akasema tumekuja kuimba au kliniki. Ila jaribuni watu 64 kuanza neno moja pamoja bila hiyo pumzi muone, mtapata "a-a-a-leluya".

Mapigo yenyewe si uchawi, ya nne ni chini, kushoto, kulia, juu, ya tatu ni chini, kulia, juu, hata mtoto wa Utoto Mtakatifu anajifunza kwa jioni moja. Huo ni mkono wa kulia. Kazi ngumu iko wa kushoto, huo ndo unasema wewe ingia, nyie shusheni, huyo soprano anayepiga kelele kuliko wenzake apunguze, na wakati huo huo wa kulia hautakiwi kuyumba. Nilijaribu nyumbani mbele ya kioo mke wangu akaniuliza nafukuza nyuki.

Kilichonifungua macho hasa ni matarumbeta. Wale vijana tuliwapanga mwisho kabisa karibu na mlango na siku zote walikuwa wanachelewa kidogo, sisi tukawa tunasema hawajui, watoto wa mtaani hawa. Mwalimu akapima kwa hatua, kama mita 20 kutoka kinanda. Akatuuliza sauti inakwenda mita ngapi kwa sekunde, hakuna aliyejibu, akasema kama 340. Kwa hiyo kinanda kinawafikia kimeshachelewa karibu sehemu sita za mia za sekunde, wakikisikiliza ndo wapige, sauti yao nayo inasafiri tena mita 20 kurudi, kuchelewa mara mbili. Akawaambia wanangu msisikilize kinanda, nitazameni mimi, jicho halicheleweshwi. Halafu akawasogeza ubavuni karibu na sakristia. Palepale wakakaa sawa! Miaka yote tunawatukana bure.

Wakati wa chai mimi na uhazini wangu nikamchokoza, mwalimu haiwezekani kabisa bila mtu mbele? Hakukasirika. Akasema inawezekana, Moscow kulikuwa na okestra inaitwa Persimfans, kuanzia 1922 mpaka 1932 walipiga bila kiongozi, kisiasa walitaka pasiwe na bosi, na New York kuna Orpheus tangu 1972 mpaka leo, kundi dogo. Ila akasema kazi ile haikupotea wakuu, waligawana. Wa Moscow walikaa kwa duara waonane nyuso na mazoezi yao yalikuwa mengi mno maana kila kitu lazima kijadiliwe, hapa tupige haraka kiasi gani, hapa nani asikike. "Nyie mna siku tisa na vikao vyenu nimeviona." Hapo sikuwa na jibu, kikao cha kuchagua rangi ya sare tu kilituchukua wiki tatu.

Akatupigia na stori ya Lully, mwanamuziki wa Ufaransa, zamani hawakutumia kijiti hiki cha kuongozea, alikuwa anagonga sakafu na fimbo kubwa kuhesabu mapigo, 1687 akajigonga kidole cha mguu, kidonda kikaoza, akafa. Vijana wa matarumbeta yeye kawapenda, akawaonyesha kwenye simu video ya okestra ya Wakimbangu (waumini wa kanisa la Kimbangu) ya Kinshasa, iliyoanzishwa 1994 na Armand Diangienda ambaye alikuwa rubani. Wakaniuliza mzee si ng'ambo ya ziwa tu hapo? Nikawaambia ng'ambo ni Kongo ndio, ila Kinshasa iko mwisho wa nchi upande mwingine kabisa.

Siku yenyewe sasa. Watu wanadhani ndo siku ya kazi, mi naona kazi ilikuwa imeshaisha Ijumaa. Maandamano yalienda vizuri, sadaka soprano wakataka kuingia mapema, mkono wa kushoto ukawazuia kama trafiki, waumini hawakujua kitu. Mpiga kinanda akiwa na presha huwa anakimbiza, safari hii akavutwa taratibu, mapigo ya kijiti yanapungua ukubwa tu basi. Halafu Aleluya Kuu. Tulipofika pale akakata, ngumi imefungwa juu, kimya. Nikasikia mtoto anakohoa nje. Nikageuza jicho kidogo kumtazama mzee wetu wa besi, hajapepesa, jasho linamtoka, macho kwenye ile ngumi. Miaka 12 naimba wimbo ule sijawahi kukisikia kile kimya. Mkono ukafunguka, wote tukapumua, tukamaliza.

Mabaya nayo msikie. Mdomo. Aliwaambia alto "mmelala kama dagaa kwenye mkeka", mama mmoja hakurudi siku mbili mpaka mwenyekiti alipomfuata nyumbani, bwana mwalimu hawa ni mama zetu na wanajitolea. Pili aliongeza elfu 30 ya kuchapa noti za nyimbo ambayo haikuwa kwenye makubaliano, mhazini nikaumia. Na kubwa zaidi, mwalimu wetu wa siku zote alikaa pembeni wiki nzima kama mgeni, siku ya nane ndo akapewa wimbo mmoja aongoze, na aliuongoza vizuri tu. Kama mnamkodi andikeni kabisa kwamba amfundishe mtu wenu, vinginevyo akipanda basi kurudi Tabora anaondoka na kila kitu.

Ukimtaka wahi, Desemba na karibu na Pasaka hapatikani, nusu ya hela anataka kabla. Elfu 30 ya noti ulizia mapema. Mzee wetu wa besi kashasema safari ijayo anachangia elfu hamsini mfukoni kwake, sharti lake moja tu jamaa asimame karibu maana miwani yake ya mbali imevunjika.